Ukitoka, Funga

Mimi ni fundi kufuli. Shule niliiacha nikiwa bado nasoma kwa kufuata maneno na kidole, lakini kufuli halijawahi kuniomba cheti. Ukiniletea kitasa kilichogoma nakitegea sikio, nakichokonoa na waya, mwisho kinanieleza chenyewe kinapoumia. Wakubwa hawako hivyo. Mkubwa ukimchokonoa anakwambia urudi kesho.

Nasema haya kwa sababu mke wangu alifia kwenye benchi. Benchi la mbao, kwenye korido ya hospitali kubwa, mbele ya wodi ya wanawake. Tulifika asubuhi akiwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia mgongoni. Sista wa dirishani akatazama kompyuta, akasema vitanda vimejaa, tusubiri. Tukasubiri. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa mtu akipita na beseni, nilikuwa naona kwa macho yangu vitanda vitupu upande wa dirisha, mashuka yamenyooshwa hayana hata kunyanzi.

Nikamwendea sista. "Mbona vile pale vitupu?"

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Wekundu mtupu. "Baba, mashine inasema vina watu. Nikimlaza mtu juu ya mtu, kesho kazi sina."

Yule sista simlaumu, hata leo. Aliyemwogopa hakuwa pale, alikuwa ghorofani kwenye chumba chenye feni. Mke wangu akaniegemea bega. Jua lilipofika miguuni pa benchi bado nilikuwa nimeegemewa, ila aliyeniegemea alikuwa ameshaondoka.

Wakubwa walisema ni mapenzi ya Mungu. Mungu wanamkumbuka kweli siku mashine yao inapokosea.

Sasa binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alisomea hizo hizo kompyuta. Alipomaliza akaja kuniambia amepata kazi. Nikamuuliza wapi. Akajishughulisha na ukosi wa gauni lake, kisha akasema, "Kule kule, Baba."

"Kwa hiyo unakwenda kuwachemshia chai waliomuua mama yako."

"Sichemshi chai. Naandika programu."

"Basi unakwenda kuwaandikia."

"Nakwenda kuliona hilo kufuli lenyewe. Wewe huwa unatengeneza makufuli ya watu ukiwa umekaa nyumbani umenuna?"

Ulimi ule hakuutoa kwangu. Ni wa mama yake mtupu.

Mama yake alikuwa na neno lake moja lililomfanya mtaa mzima umwite Mama Ukitoka. Wewe ndiyo kwanza unaingia chumbani, hata hujakaa, anakutupia: "Ukitoka zima taa." Umeshika bomba la uani, maji bado hayajatoka: "Ukitoka lifunge." Nilikuwa namuuliza kwa nini asingoje nitoke ndipo aniambie. Akasema mtu anayetoka hasikii, akili yake imeshafika anakokwenda. Wa kumwambia ni anayeingia.

Na neno hilo lilikuwa na utaratibu wake, ambao mimi niliujua kwa aibu. Siku moja tulikuwa tunakwenda kumwona dada yangu aliyekuwa amejifungua. Wote wameshatoka, nikakumbuka koti, nikarudi ndani. Mke wangu akanifuatisha na maneno kutoka njiani: "Ukitoka funga mlango. Ukitoka chukua funguo mezani. Ukitoka zima jiko." Nami nikatii kama mwanafunzi mwema. La kwanza kuambiwa ndilo la kwanza kufanya. Nikatoka na koti langu, nikavuta mlango. Kitasa kile nilikifunga mwenyewe, cha kujibana kikivutwa, na nilikuwa nimejisifia sana kwa majirani. Kikajibana. Funguo mezani, jiko linawaka chini ya birika, na kisanduku changu cha kazi, chenye ule ufunguo wa kufungua kila mlango ambao jina lake siwezi kulitaja mbele ya binti yangu, kipo chini ya kitanda.

Fundi kufuli alivunja dirisha lake mwenyewe, mtaa mzima unatazama. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake za kutokea. "Wewe mwanamume," akasema akijifuta machozi, "nilichosema mwisho ndicho cha kuanza nacho. Mlango nimeutaja mwanzo kwa sababu ndio unaofunga yote."

Binti alikuwa mdogo, lakini hakusahau. Na mtaa nao haukusahau.

Basi alianza kazi, na mimi nikaanza kununa. Akirudi simuulizi kitu. Lakini jioni moja alikuja jikoni, akaketi kwenye kigoda cha mama yake, akasema, "Baba, nimeliona."

"Umeona nini?"

"Kilichofanya vile vitanda viwe vyekundu."

Nikaweka kikombe chini.

"Programu ya vitanda," akasema, "ichukulie ni mtu anayeingia wodini na kufuli mkononi. Anakifunga kitanda kwanza, ili mwenzake asikichukue wakati yeye anashughulika na mgonjwa wake. Akimaliza anakifungua, anaondoka. Mambo yakienda vizuri anatokea mlango wa mbele, na pale wameandika: fungua. Lakini kuna kutoka kwingine. Mgonjwa hana namba, anatokea dirishani. Mtandao umekatika, anatokea darini. Daktari kabadili nia, anatokea mlango wa nyuma. Huko kote walioandika walisahau kuweka fungua."

"Kwa hiyo kitanda kinabaki na kufuli."

"Kinabaki chekundu. Na hakina mtu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtu apite akishtukie."

Miaka yote ile nilikuwa nimejitengenezea adui mwenye sura, mwenye tumbo na tai. Kumbe mke wangu aliuawa na mtu asiyekuwepo, aliyetokea dirishani na ufunguo mfukoni.

"Wakubwa wanajua?" nikauliza.

"Mkuu wangu anajua."

Mkuu wake ndiye bwana wa kitengo cha kompyuta, na hospitali nzima, kuanzia madaktari hadi mlinzi wa geti, inamwita Bwana Kesho. Dawa aliyoipata yeye ni kumtuma karani kila wiki apite wodini, atazame vitanda kwa macho, arudi kuvifungua kimoja kimoja kwa mkono. Kati ya karani kupita na karani kurudi, watu wakae kwenye benchi. Binti alipomwambia kwamba ugonjwa uko ndani ya programu yenyewe, alijibiwa kuwa lugha waliyoandikia ni ya zamani, haina namna ya kuzuia hayo.

"Na ni kweli?" nikamuuliza.

"Ni kweli haina. Lakini chuoni tulifundishwa lugha nyingine, ya juzijuzi, nayo ina neno zuri sana. Ukifunga kitu, pale pale, kabla hujafanya lolote, unaandika: nikitoka, nifungue. Basi. Utoke mlangoni, utoke dirishani, uanguke darini, litafanyika."

"Hilo ni la mama yako."

"Ndiyo maana siku mwalimu alipolifundisha nilicheka peke yangu, nikatolewa nje ya darasa."

Nikamwambia kama lugha hiyo mpya ina akili hivyo, si wahamie huko. Akatikisa kichwa. Programu yote ya hospitali imeandikwa kwa ile ya zamani; kuiandika upya ni kazi ya miaka, na wakubwa hawataki hata kuisikia. "Lakini neno lenyewe," akasema, "naweza kulitengeneza ndani ya hii hii. Wewe ukikuta mlango wa zamani hauna kitasa cha kujifunga, unaung'oa mlango?"

"Naufungia springi."

"Basi mimi natengeneza springi."

Akanieleza, na nilielewa zaidi ya nilivyotegemea. Kila kazi ya vitanda ataizungushia chumba cha nje. Ndani kazi iwe na madirisha kadiri inavyotaka, yote yatatokea chumba kile kimoja, na nje ya hapo hakuna kupita kwingine. Kwenye chumba cha nje kuna ndoano ukutani. Ukiingia unatundika pale mambo ya kufanywa ukitoka, na chumba chenyewe kinayafanya, upende usipende. Neno la kutundikia aliliandika hivyo hivyo alivyolisikia nyumbani: UKITOKA.

Kununa kukanipungua kidogo. Sikumwambia.

Alifanya kazi ile kwa saa zake mwenyewe, akishamaliza ya mwajiri. Siku ya kuionyesha alikwenda ameng'arisha viatu. Kwenye kompyuta yake alitengeneza wodi ya uongo, na wagonjwa wa uongo akawapa majina ya ndugu: Bibi, Babu, Mjomba, Shangazi. Jioni akarudi, akavua viatu mlangoni, akakaa navyo mkononi.

"Imekataa?"

"Kitanda kilifunguka, Baba. Kila nilipotokea, kilifunguka. Tatizo lilikuwa hilo hilo, kilifunguka mapema mno." Alikuwa ameiambia programu: ukitoka fungua kitanda, kisha, ukitoka mwondoe mgonjwa kitandani. Nayo ikafanya kama ilivyoambiwa, la kwanza kwanza. Ikafungua kitanda Mjomba akiwa bado yumo. Aliyefuata kwenye foleni akaona nafasi, akaingia.

"Aliyefuata nani?"

Akafunika uso kwa kiatu. "Shangazi."

Mjomba na shangazi kitanda kimoja, kwenye kioo kikubwa, mbele ya kitengo kizima. Bwana Kesho alisema, "Binti, ukiingiza kitu hiki wodini tutavunja ndoa za watu." Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga maji kwenye kibodi. Kisha akampa neno la mwisho: Alhamisi Mganga Mkuu wa hospitali atakuja kuangalia kazi za kitengo. Aonyeshe siku hiyo, mara moja. Ikishindikana, wataendelea na karani wao, na habari za ukitoka asizisikie tena.

"Kwa hiyo usipoweza Alhamisi," nikasema.

"Benchi linabaki palepale."

Jumamosi alikuja kibandani kwangu na kompyuta yake, akakaa juu ya kisanduku cha vifaa. Mimi nachonga ufunguo, yeye anagonga herufi. Jirani yangu wa kibanda ni fundi viatu, mtani wangu wa siku nyingi. Alipita mchana na birika lake la maji, akafanya anavyofanya siku zote aonapo mlango wa kibanda changu umeegeshwa.

"Fundi, leo umeanza na funguo au umeanza na mlango?"

"Nenda zako, wewe. Vaa viatu vyako mwenyewe kwanza." Maana fundi yule hutembea na ndala mwaka mzima.

Binti akaacha kugonga. "Baba. Siku ile ulifanya kwa kufuata alivyosema Mama."

"Usianze."

"Ulianza na mlango."

"Nimesema usianze, mama. Nimebanwa na kazi."

"Mjomba na Shangazi wamelala pamoja kwa sababu nimefanya kama wewe." Akaanza kucheka, akateleza kwenye kisanduku, akakaa chini kwenye vumbi la chuma. Nilisimama na tupa mkononi nikimtazama. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu benchi lile.

"Nimewapanga foleni," akasema alipopata pumzi. "La kwanza kutundikwa, la kwanza kufanywa. Ilitakiwa niwapange kama sahani zilizooshwa. Ya mwisho kuwekwa iko juu, ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Lugha ile mpya inajipanga hivyo yenyewe, nimeitumia miaka bila kujiuliza kwa nini. Mlango unatajwa mwanzo..."

"...kwa sababu ndio unaofunga yote," nikamalizia.

Fundi viatu akatutazama, akatikisa kichwa, akaenda na birika lake.

Alhamisi aliniomba niende naye. Nilikuwa nimeapa sikanyagi tena pale. Nikamwambia nina kazi. Akasema, "Sawa Baba, ukitoka kazini pitia." Nikafunga kibanda asubuhi ile ile.

Benchi lilikuwa palepale, limepakwa rangi mpya. Kupaka rangi wanaweza. Nikakaa mwisho wake, mkono kwenye ubao. Karibu yangu alikaa dada mmoja amemshikilia mama yake, mtu mzima, macho ameyafumba, anavuta pumzi kwa kuihesabu. "Tangu asubuhi, baba," dada akaniambia. "Wanasema vimejaa." Ningefungua mdomo ningetukana mtu.

Nilidhani watafanya mambo yao huko juu kwenye feni. Lakini mara nikasikia viatu kwenye ngazi. Mganga Mkuu, mama mmoja mwenye miwani aliyoipandisha kichwani, alikuwa mbele. Binti yangu nyuma na kompyuta kifuani. Bwana Kesho nyuma kabisa, anahema.

"Huko juu hamna wagonjwa," Mganga Mkuu alikuwa anasema. "Nionyeshe dirishani kwa sista."

"Daktari, hapa pana watu," Bwana Kesho akasema. "Labda tungepanga vizuri, kesho..."

"Kesho ni Ijumaa. Binti, kaa."

Binti akakaa kwenye kiti cha sista. Akanipitishia jicho mara moja, kisha akainama. Kioo kikubwa cha ukutani kilikuwa chekundu karibu chote. Akachukua kitanda kimoja cha kijani, akamwingiza mgonjwa wa uongo asiye na namba. Kitanda kikawaka nyekundu. Programu ikamkataa mgonjwa, ikatokea dirishani. Mimi nikabana ubao wa benchi.

Kitanda kikarudi kijani.

"Tena," Mganga Mkuu akasema. "Mkatie mtandao akiwa katikati."

Binti akaingiza mgonjwa, akachomoa waya. Nyekundu. Tukangoja. Bwana Kesho akaanza kukohoa kile kikohozi cha mtu anayejiandaa kusema "si nilisema?" Kijani.

"Na wawili kwa mpigo? Nilisikia kuna ndugu walilala pamoja."

Kumbe habari ilikuwa imepanda mpaka juu. Binti akawaingiza Mjomba na Shangazi kwa pamoja, akakata waya tena. Mjomba akatoka kitandani kwanza, ndipo kitanda kikafunguka, ndipo Shangazi akaingia, peke yake, kwa heshima zake.

Sista akapiga makofi, kisha akaona anatazamwa, akaacha.

Mganga Mkuu akashusha miwani, akainama kusoma maandishi yenyewe kwenye kompyuta ya binti. "Ukitoka, fungua kitanda. Ukitoka, mwondoe mgonjwa." Akanyanyua uso. "Hata mimi naelewa."

"Hilo tutalibadilisha," Bwana Kesho akasema upesi. "Ni maneno ya jikoni, Daktari. Tutaweka neno la kitaalamu."

"Ni neno la mama yangu," binti yangu akasema. Hakupandisha sauti. "Nimelichagua kwa sababu linafanya kazi. Mtu yeyote atakayekuja baada yangu akilisoma atajua la kufanya."

"Liache kama lilivyo," Mganga Mkuu akasema. "Liingizwe leo. Na hivi vyekundu vya zamani?"

"Hivyo springi haivifikii, vilifungwa kabla. Inabidi mtu aingie aangalie. Mara ya mwisho."

Basi sista akaingia wodini mwenyewe, akawa anaita kutoka ndani, sauti yake inakuja mpaka benchini: "Cha pembeni kina mtu. Kinachofuata kina mtu. Cha dirishani kitupu." Binti anabonyeza. Kijani. "Cha dirishani kingine, kitupu." Kijani. Wekundu ukawa unafifia kioo kizima, na mimi nikawa nakitazama mpaka kikawa ukungu, maana macho yalikuwa yameshaniharibikia.

Sista akatoka, akafuta mikono kwenye aproni. Hakutazama kompyuta. "Mama yako aingie," akamwambia yule dada. "Kitanda kipo."

Nikamshika yule mama mkono wa pili, tukamvusha mlangoni. Alikuwa mwepesi. Alipokalishwa kwenye shuka lile lililonyooshwa alifungua macho, akauliza kama ndiyo wamefika.

Wiki iliyofuata walibandika tangazo getini: uongozi umeboresha huduma ya vitanda. Jina la binti yangu halimo. La mke wangu ndiyo usiseme. Wabandike watakavyo, kubandika nako wanaweza. Humo ndani, kila mahali kitanda kinapofungwa, mke wangu amesimama mlangoni anamwambia anayeingia, na sasa hakuna mkubwa anayeweza kutoka bila kumtii. Fundi viatu namweleza habari hii kila akipita, mpaka ameanza kupitia njia ya nyuma.

Ila siku ile ya Alhamisi nilirudi kukaa benchini, nikimngoja binti amalizie. Bwana Kesho akapita anarudi kwenye feni yake, akaniona, asijue mimi ni nani.

"Mzee, unamsubiri nani?"

"Namsubiri mwanangu. Ndiye aliyekuwa pale kwenye kiti."

Akanitazama vizuri, akashika njia. Akafika mwisho wa korido ndipo akageuka, kama mtu anayetaka naye awe ameagiza jambo fulani siku hiyo. "Basi mzee, ukitoka vuta huo mlango wa nje. Unaingiza vumbi."

"Nani kakufundisha kusema hivyo?" nikamuuliza.

Hakuelewa, akapanda ngazi. Binti akatoka wodini na kompyuta yake, tukaenda mpaka mlangoni. Nikapapasa mfuko kwanza. Funguo zipo. Kisha nikavuta mlango.